Chupa ya Jumatano

Rehema, muuguzi niliyemwachia funguo za friji la chanjo, ameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kliniki ya mama na mtoto, ili wanaokuja nyuma wasianzie sifuri. Nilimwuliza anataka nini hasa. Akasema chochote tu, mama, ila kisiwe kirefu. Mimi sasa ni mstaafu, muda ninao, kwa hiyo kitakuwa kirefu kidogo. Najua wengi wenu mna watoto wadogo, someni nusu maharage yakiwa jikoni na nusu yakishaiva.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Zipo kwenye faili, na faili lenyewe mara ya mwisho nilipoliulizia lilikuwa halionekani.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye zahanati moja huku tambarare za Nduruma. Mimi ni mtoto wa migombani. Nimezaliwa Makumira, nimekua kati ya kahawa na ndizi, ambako hata wakati wa jua kali unapata pa kujificha. Nduruma ilinipokea kwa vumbi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe nilivyopewa chuoni, na kufika saa nne vilikuwa na rangi ya udongo wa huko, rangi viliyobaki nayo mpaka nilipovitupa.

Aliyenipokea alikuwa Sista Kanankira, mama mrefu, mkavu, aliyekuwa msimamizi pale kwa miaka mingi. Nilifika saa mbili kasoro dakika tano, akaniambia nimechelewa. Nilipomwonyesha barua iliyosema saa mbili, akajibu kuwa barua haina watoto wa kuchoma sindano. Kifuani alibana kwa pini saa ndogo iliyoning'inia kichwa chini, zile saa za wauguzi wa zamani. Ukimtazama huoni kitu, ila yeye akiinamisha shingo anaisoma vizuri. Kina mama kwenye mabenchi walikuwa wanamwona anainamisha shingo, anakunja uso, na hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Alinifundisha kazi, na siwezi kusema vinginevyo. Alinifundisha kusoma joto la friji kabla ya kumsalimia binadamu yeyote. Alinifundisha kumshika mtoto mguu huku unaongea na mama yake, ili wote wawili wasahau sindano. Na alinifundisha kanuni ya chupa. Kwa wasioijua, chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, na chupa moja ina dozi kumi. Ukishaichanganya na maji yake una saa sita tu, halafu kinachobaki kinamwagwa. Zamani chanjo zilifika kwa tabu, na Sista Kanankira aliwahi kupitisha mwezi mzima friji likiwa tupu. Kwa hiyo akajiwekea sheria zake mbili. Ya kwanza, surua ni Jumatano peke yake. Ya pili, chupa haifunguliwi mpaka watoto wanane watimie kwenye benchi.

Siku hizi mwongozo unasema fungua hata kwa mtoto mmoja. Sisi tulikuwa na huruma sana na chupa.

Sista Kanankira alipostaafu alinibandulia ile saa kifuani kwake akanibana nayo mimi, mbele ya wafanyakazi wote, akasema, "Elieshi, usiwaache wakuchezee." Alikuwa anawasema kina mama. Nililia siku ile, maana nilimpenda, na kesho yake nikaanza kuinamisha shingo na kukunja uso kama yeye.

Nilikuwa mkali. Walionikuta zamani wanajua. Mama akija saa tatu nilimfagilisha uwanja kabla sijapokea kadi yake. Mama akileta mtoto wa jirani pamoja na wake, nilimrudisha na yule wa jirani, kwamba kila mtoto aletwe na mama yake. Na kila asubuhi, kabla ya kupima wala kuchoma, kulikuwa na somo. Somo lilianza saa mbili na nusu na lilikwisha mimi nilipochoka. Tulifundisha lishe, tulifundisha vyoo, tulifundisha kunyonyesha kina mama waliokuwa wananyonyesha mbele yetu.

Mwaka mmoja tukaitwa semina mjini, siku tatu, kuhusu matumizi bora ya muda kwa mama wa kijijini. Aliyetufundisha alikuwa kijana mmoja mtanashati mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, ambaye alituambia mwenyewe kuwa bado hajaoa. Alituchorea duara kubwa la saa ishirini na nne, lililogawanywa kwa rangi. Nilirudi na lile duara kichwani, nikanunua karatasi za manila na kalamu za rangi, nikalichora upya, nikalibandika ukutani mbele ya mabenchi. Nyekundu ilikuwa kupika. Bluu ilikuwa kuchota maji, na niliiwekea dakika kumi na tano, kwa sababu bomba la nyumba za watumishi lilikuwa uani kwangu. Kijani ilikuwa mapumziko, saa nzima, baada ya chakula cha mchana.

Jumatano ya kwanza nilifundisha lile duara kwa muda wa saa moja na zaidi. Mwishoni nikauliza kama kuna swali, na bibi mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu akanyoosha mkono akauliza yule mwenye kijani ni mama wa wapi. Walicheka wote. Mimi nilidhani hawajaelewa, nikaanza upya.

Katikati ya ule upya mama mmoja akasimama, akafunga mtoto mgongoni, akaja mezani kuomba kadi yake. Huyo ndiye Mama Lemali. Alikuwa Mwarusha, mwembamba, mwenye watoto watatu, na mtoto wake mdogo, Naserian, alikuwa na miezi tisa kamili, umri wa surua. Nilimwambia akae, watoto waliopo ni watano, tunasubiri watimie wanane. Akasema hawezi, zamu yake ya maji inaingia saa nne. Nikamjibu kwa methali, kama tulivyozoea kuwajibu, kuwa mvumilivu hula mbivu.

"Mbivu zangu ziko shambani zinakauka, Nesi," akasema, akachukua kadi, akaondoka.

Niliona ni jeuri. Nilifungua rejista, nikatafuta jina la Naserian, na pembeni yake nikaandika kwa kalamu nyekundu neno tulilokuwa tunawaandikia wote walioacha huduma: mtoro. Wiki iliyofuata akaja tena, mapema, saa moja na nusu. Tulipofika saa tatu na nusu walikuwa watoto sita, akaondoka. Jumatano ya tatu hivyo hivyo. Nikaandika mtoro mara tatu kwenye mstari mmoja.

Wageni wa Nduruma hawajui maana ya zamu, na mimi baada ya miaka yote ile bado nilikuwa mgeni. Maji ya mashamba huko yanatoka mlimani kwa mfereji, na kila shamba lina siku yake na saa zake, zinazogawiwa na mzee wa mfereji. Saa yako ikifika lazima uwe pale na jembe, ufungue njia ya maji kwako, uyaongoze mtaro kwa mtaro, ukimaliza uzibe. Usipokuwepo, maji hayasimami kukungoja, yanaenda kwa mwenzako, na wewe unangoja wiki nyingine. Nyanya zenye maua haziwezi kungoja wiki nyingine. Zamu ya Mama Lemali, pamoja na mashamba ya jirani zake, ilikuwa Jumatano, saa nne mpaka saa saba. Hilo lote sikulijua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Kwenye duara langu hakukuwa na rangi ya mfereji.

Sasa niseme na habari za nyumbani kwangu, maana bila hizo mtadhani nawasimulia makosa ya kazini tu. Miaka ile nilikuwa na kitindamimba wangu, Neema. Likizo ya uzazi ilipokwisha nilimpeleka Makumira kwa mama yangu, nikawa naenda kila Jumamosi mchana na kurudi Jumapili jioni. Chanjo za mwanzo alishamaliza. Ya surua nilimwambia mama asihangaike kupanda kliniki na magoti yake yale, mtoto ana nesi, nitamchoma mwenyewe. Mama akafurahi, akawatambia na majirani. Tatizo ni kwamba chupa ya surua nilikuwa naifungua Jumatano na nyumbani nilikuwa naenda Jumamosi. Kila wiki nilisema wiki ijayo nitaomba ruhusa katikati ya wiki. Kila wiki kulikuwa na ripoti, au ukaguzi, au mizani imeharibika. Nilikuwa na shughuli nyingi, kama mnavyosema nyie.

Ndipo zikaja habari za surua kutoka vijiji vya chini. Kwanza ilikuwa maneno ya sokoni, kisha dereva wa maziwa akasema amepita nyumba yenye watoto wawili wenye vipele na macho mekundu. Mtoto mmoja wa huko aliletwa kwetu akiwa amechelewa. Alipona, lakini jicho lake moja lilibaki na ukungu. Nilipoiomba kadi yake nikaona nafasi ya surua iko tupu. Nikafungua rejista. Pembeni ya jina lake palikuwa na neno langu jekundu.

Nilikaa nalo lile neno siku nzima. Nilikuwa nimeliandika kwa hasira nikalisahau, na mtoto akalibeba jichoni. Nililia chumba cha dawa, na sioni aibu kuwaambia.

Jumatano iliyofuata nikamwachia mwenzangu kliniki. Nikaweka chupa moja ya surua na maji yake kwenye boksi la chanjo, nikapanga vipande vya barafu, sindano na rejista, nikaliweka boksi begani nikashika njia ya mfereji kwa miguu. Nilikuwa namtafuta Mama Lemali kabla surua haijanitangulia kwake. Sitawadanganya kwamba nilikwenda kwa upole. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia.

Nilimkuta saa nne na nusu. Amekunja kanga mpaka magotini, tope mpaka kwenye viwiko, anakata udongo kwa jembe na kuyasukuma maji mtaro kwa mtaro. Naserian alikuwa amelala juu ya gunia chini ya mgomba, mzima, anapumua vizuri. Nilipomwona mzima, maneno yote niliyoyapanga yakanitoka. Nikasema nimemletea sindano.

Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza za nyumbani, huku jembe halisimami. Halafu akasema, "Nisubiri kidogo, Nesi. Maji hayawezi kunisubiri, wewe unaweza."

Nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, boksi mapajani. Nilikuwa sijawahi kumsubiri mama hata siku moja katika kazi yangu. Dakika kumi za kwanza niliinamisha shingo kuangalia saa kila mara. Za pili nilianza kuangalia anachofanya. Alikuwa na mitaro ishirini na kitu, na alijua kila mmoja unakunywa kwa muda gani. Akifungua wa tatu, anarudi kumgeuza mtoto kwenye kivuli. Akifungua wa saba, anachuma mboga za mchana zilizoota ukingoni. Maharage na mahindi ya makande alikuwa ameyaacha motoni kwa jirani, ambaye kesho yake Mama Lemali angemwangalizia mbuzi. Hakukuwa na dakika iliyoanguka chini. Na huyu ndiye niliyekuwa namfundisha matumizi bora ya muda, kwa kalamu za rangi.

Baada ya dakika arobaini akaziba maji kidogo, akanawa mikono mferejini, akamchukua mtoto akakaa karibu yangu. Tulikuwa sisi watatu tu. Kanuni ya Sista Kanankira ilisema watoto wanane. Niliitazama chupa, nikamkumbuka yule mtoto wa jicho, nikavunja kizibo, nikachanganya. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Niliandika saa ile juu ya chupa kwa kalamu, kama inavyotakiwa.

Naserian alilia kilio cha mtoto mwenye afya. Kile kilio kikaenda na maji. Sijafunga hata boksi, akatokea mama wa shamba la chini na mtoto mgongoni, kuuliza kama ninachoma na wake. Akaja wa upande wa pili. Mama Lemali akaniacha hapo, akapanda ukingoni akaita kwa Kimaasai, sauti ikapokelewa shamba kwa shamba kwenda juu. Walikuja mmoja mmoja, kila aliyemaliza mtaro wake, wengine wameshika na mtoto wa mwenzao aliyebaki kulinda maji ya wote wawili. Nilifungua rejista nikaanza kutafuta majina. Wote walikuwa na neno jekundu. Watoro wangu wote nilikuwa nimewakuta mahali pamoja, wanafanya kazi.

Kufika saa saba, zamu ilipokwisha, nilikuwa nimechoma watoto tisa. Nilihesabu mara mbili kwa furaha. Ilibaki dozi moja, na niliona haya kuimwaga, nikauliza kama kuna mtoto mwingine yeyote. Wakatazamana, wakasema wamekwisha.

Mama Lemali alikuwa anaosha jembe. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Na wa kwako, Nesi? Umeshamchoma?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nadhani kina mama wote walielewa kabla yangu. Nilipiga hesabu ya miezi ya Neema kwenye vidole, mbele yao. Alikuwa amepita miezi kumi na moja. Mganga hajigangi, wazee walisema, lakini hawakusema inauma namna gani ukiligundua mbele ya watu uliokuwa unawafagilisha uwanja.

Hakuna aliyenicheka. Mama Lemali alinitazama, akatazama boksi, akauliza chupa ina muda gani. Nikamwambia mpaka saa kumi na moja na dakika kumi. Akauliza mtoto yuko wapi, nikasema Makumira. Basi wakaanza kunipanga wao. Mmoja akasema mume wa dada yake ana pikapu inayopeleka vitunguu Usa River, inaondoka saa nane kwenye mti wa mnada. Mwingine akachukua rejista kuirudisha zahanati, nikaizuia, nikasema hiyo naihitaji. Mama Lemali akanibebea boksi mpaka kwenye pikapu, hatua ndefu, mimi nyuma nakimbiakimbia.

Pikapu ilipata pancha kabla ya lami. Sitasimulia zile saa mbili. Nilisimama kando ya barabara nimekumbatia boksi, naangalia saa ya kifuani, na kwa mara ya kwanza nikawa nasali Jumatano mchana. Mlima ulikuwa umefunuka kabisa, unaona hadi mistari ya mawe juu, nami nikaona kama unanitazama. Halafu gurudumu jingine likapatikana, likafungwa, tukaenda.

Niliingia uani kwa mama saa kumi na moja kamili. Alikuwa anamlisha Neema ndizi. Nilimwamkia shikamoo huku nafungua boksi, naye akaitika marahaba akauliza mbona leo si Jumamosi. Barafu ilikuwa bado ngumu, chupa bado baridi. Nikanawa, nikamchoma mwanangu mkono wa kushoto, zikiwa zimebaki dakika saba. Neema alinitazama kwa mshangao kwanza, ndipo akalia. Mama akamfuta Neema mdomo, akasema, "Jirani aliniambia kliniki ya hapa wanachoma kila wiki. Nikamwambia wa kwetu ana nesi wake." Angesema zaidi ingekuwa nafuu.

Msiniulize tena kwa nini nilikataa kuacha rejista. Pale pale mezani kwa mama niliandika wale watoto tisa, nikaandika na wa kumi, Neema, na kwenye safu ya mama nikaandika jina langu. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikajiandikia neno lilelile nililowaandikia wenzangu. Baada ya hapo nikayakata maneno yote mekundu, kuanzia la kwanza. Ile kalamu sikuitumia tena kwa kazi hiyo.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida, na ndiyo Rehema anayotaka niwaandikie. Nilikwenda kwa mzee wa mfereji kumwomba orodha ya zamu. Alishangaa, akasema tangu aanze kugawa maji hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuiomba. Tuliibandika ukutani pale lilipokuwa duara. Tukaanza kuandika zamu ya kila mama kwa penseli kwenye kona ya kadi, penseli kwa sababu zamu hubadilika kiangazi. Surua ikawa siku mbili kwa wiki, kisha kila siku. Huduma ikatangulia, somo likafuata, fupi, kwa anayetaka kubaki. Mwanzoni niliogopa watabaki wawili. Walibaki wengi kuliko zamani, kwa kuwa walikuwa wanabaki kwa hiari yao, na mara nyingi waliofundisha walikuwa wao. Mama Lemali alifundisha ile ya kupokezana, kwamba mama mmoja alete watoto watatu na kadi zao huku wawili wanalinda maji na vyungu. Niliyoikataza miaka yote ndiyo iliyojaza benchi.

Na saa ya Sista Kanankira niliibandua kifuani, nikaiweka kwenye droo. Badala yake niliwaomba wenzangu tukaweka saa kubwa ya ukutani, inayowatazama kina mama. Hapo ndipo walipoanza kutuuliza kwa nini tunachelewa. Ni swali zuri, mlizoee. Sista Kanankira alikuja kunitembelea mara moja, mzee sana, akaitazama ile saa ya ukutani, akatazama benchi, akasema bila kugeuka kuwa watoto ni wengi. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nije kwenye siku ya kuagwa kwangu, mwezi uliopita, maana Rehema atairuka akisimulia yeye. Turubai lilikuwa limefungwa, mbuzi yuko tayari, soda ziko kwenye maji, mgeni rasmi amekaa na hotuba mkononi. Kina mama wa mfereji walikuwa safu ya mbele, na Mama Lemali, sasa ana wajukuu, alikuwa amevaa shanga zake zote. Mimi nilikuwa ndani na Rehema, namkabidhi funguo. Nikampa na ile saa ya kwenye droo, si ya kuvaa, ya kukumbuka. Rehema ni muuguzi hodari. Anafika wa kwanza, anatoka wa mwisho, rejista zake hazina doa. Nilikuwa namsifu moyoni, ndipo nikakumbuka kuwa nyumbani ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, na kwamba siku hizi surua inachomwa mara mbili, ya pili mwaka na nusu.

Nikamwuliza, "Na wa kwako, Rehema? Umeshamchoma ile ya pili?"

Alianza kuniambia habari za ripoti ya robo mwaka. Akakatisha. Akainamisha kichwa, akasema, "Bado, mama. Kila siku nasema kesho."

Nilimwambia hata mimi, na nikamwonyesha mstari wa kumi kwenye rejista ya zamani, iliyokuwa kabatini hapo hapo. Aliusoma, akanitazama, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Anakaa jirani na shule, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nikamwambia akamlete, na asikimbie, atachafua sare. Nikaitoa chupa kwenye friji, nikaiweka kwenye boksi la barafu bila kuifungua, nikatoka nje kukaa na wenzangu kivulini.

Mshereheshaji alinifuata mara mbili kuuliza kama tuanze. Ya tatu akaja mgeni rasmi mwenyewe, ameshika hotuba yake, akaniambia kwa adabu kwamba ratiba imechelewa, na kuuliza tunasubiri nini.

Nikamwambia tunamsubiri mama mmoja.